Usinunue maiki ya kondensa kabla ya kushughulikia chumba

Mkuu, hela usiitume bado. Umesema uko Mwanga, Kigoma, una laki nane za kufungulia studio ya kurekodi nyimbo chumbani, muuzaji wa Kariakoo kakupangia maiki ya kondensa (ile inayonasa hata sauti ndogo) na kile kikadi cha sauti cha V8, na fundi kakwambia ubandike trei za mayai ukutani. Hao wawili wanakupoteza, na inaniuma kwa sababu wanajua wanachokifanya.

Kondensa inataka umeme wa volti 48 kupitia waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu. Kikadi kile kinatumia USB ya volti 5 na hakina swichi iliyoandikwa 48V. Maiki itakaa kimya, au itatoa sauti nyembamba yenye mvumo wa shshsh ambao hakuna programu itakayouondoa bila kuharibu sauti ya mwimbaji. Muuzaji atasema “ongeza volyumu”. Ukiongeza, na mvumo unapanda.

Lakini hata ungekuwa na intafesi nzuri (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta), chumba chako ni tofali, sakafu ya saruji na bati lisilo na dari. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa trrr baada ya kofi, huo ndio utakaokuwa ndani ya kila wimbo, na kondensa itauchukua wote, pamoja na bodaboda na jogoo wa jirani. Trei za mayai hazisaidii: ni karatasi nyembamba, zinapunguza kidogo sauti za juu tu. Sauti ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), ambako sauti nzito ya mwanaume huanzia, ina urefu wa wimbi wa mita 3.4. Trei haiigusi. Matokeo yake chumba kinakuwa kizito, kinavuma kama pipa.

Chumba kwanza, maiki baadaye. Chukua godoro la inchi 6 au zaidi, la sufi au sponji, lisimamishe NYUMA YA MWIMBAJI. Wengi huliweka nyuma ya maiki, na hapo ndipo wanapokosea: maiki ya kadioidi, yaani ya upande mmoja, husikia mbele yake, kwa hiyo inachokiona ni mwimbaji na ukuta ulio mgongoni kwake. Pembeni ning'iniza mablanketi mazito mawili, yaache sentimita 10 kutoka ukutani. Mkeka au zulia chini. Mvua ikinyesha juu ya bati, usirekodi. Hakuna blanketi litakalokuokoa, na Kigoma unajua Novemba hadi Aprili ilivyo.

Kisha nunua maiki ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme wa volti 48. Shure SM58 ipo tangu 1966 na inavumilia chumba kibaya, ila feki ni nyingi mno: ya kweli ina karibu gramu 300, mwambie muuzaji aipime kwenye mizani mbele ya kamera. Intafesi iwe na ingizo la XLR na geini (nguvu ya kukuza sauti ya maiki) ya desibeli 55 au zaidi, maana dainamiki ni ya sauti ndogo. Mdomo ukae sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, katikati uweke soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa duara. Mwimbaji aimbe sehemu yenye kelele kuliko zote, geini uipange kilele kiguse kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu, na urekodi kwa biti 24.

Programu ya kurekodia, anza na Reaper, siku 60 za majaribio ni bure.

Leo hii rekodi ubeti mmoja kwa simu katikati ya chumba, halafu ubeti uleule godoro likiwa mgongoni. Sikiliza zote mbili kwa hedifoni kabla hujamjibu huyo muuzaji.