Hakuna unga unaofungua mfereji wa uti wa mgongo

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 68. Akitembea kidogo miguu inakuwa mizito na kufa ganzi, akiketi inatulia. Kipimo cha MRI kimeonyesha mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Tumepata mtu anayesema atazirudisha pingili mahali pake, kisha ampe unga wa kuyeyusha mfupa uliozidi. Tumpeleke?

JIBU: Msimpeleke.

Kwa ripoti uliyoieleza, hakuna pingili iliyohama ya kurudishwa. Kwa miaka mingi diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zimepungua kimo, viungo vidogo vya nyuma ya pingili vimeota mfupa, na kano za ndani ya mfereji zimenenepa. Neva zimebaki na nafasi finyu. Hakuna unga unaoweza kuuchagua mfupa huo, ukauyeyusha na kuiacha mingine.

Kila mara naambiwa, "Lakini fulani alitumia akapona." Nafuu huwa ya kweli, na ndiyo inayowaponza watu. Kwanza, ugonjwa huu una vipindi vya kupanda na kushuka, kwa hiyo sifa humwendea aliyekuwepo uliposhuka. Pili, unga wa maumivu usio na lebo umekutwa mara nyingi maabarani ukiwa umechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe zinazofanana na homoni ya mwili. Steroidi zikitumika kwa miezi hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha mifupa hadi pingili kuvunjika zenyewe. Kama mama ameshaanza unga wa namna hiyo, msiukatishe ghafla. Nendeni nao kwa daktari, maana mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo.

Kuvutwa na kukandamizwa mgongo kwa nguvu katika umri huo kunaweza kuvunja mfupa. Shingoni ni hatari zaidi: pale hupita uti wenyewe, yaani shina la neva litokalo kwenye ubongo, na mfereji ukiwa mwembamba, mtikiso mmoja unaweza kumpoozesha mtu.

Msitishwe na picha ya MRI pia. Watu wengi waliovuka miaka 60 wana mfereji mwembamba bila maumivu yoyote. Kinachoamua tiba ni umbali anaoweza kutembea. Mfereji hupanuka kidogo mtu akiinama mbele, ndiyo maana wengi huweza kuendesha baiskeli vizuri ilhali kutembea kunawashinda. Fiziotherapia hutumia jambo hilo. Kulala kitandani siku nzima kunamdhoofisha tu. Daktari apapase pia mapigo ya miguuni, kwa kuwa mishipa ya damu iliyoziba huleta dalili zinazofanana, ingawa hizo hutulia kwa kusimama tu.

Akishindwa kabisa kutembea, upasuaji wa kupanua mfereji husaidia, hasa maumivu ya miguu kuliko ya kiuno. Hata hapo, msikimbilie skrubu za kuunganisha pingili: utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kuunganisha pingili juu ya kupanua mfereji hakukuwapa wagonjwa nafuu zaidi.

Lakini akipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au kumtoka bila kujijua, au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, mfikisheni hospitali saa hiyohiyo. Neva zilizobanwa kiasi hicho zikicheleweshwa huenda zisirudi, na nimepokea wagonjwa waliokuwa bado wanakandwa wakati huo.