Sataranji yetu inaanza na mkono uliojaa

Ndugu Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ukiruhusiwa kubadili sheria moja ya mchezo unaoupenda, utabadili ipi?" Mimi sikungoja ruhusa. Hapa Ujiji, barazani kwetu, tunaichokonoa sataranji mwaka wa pili sasa, na sheria niliyoigusa ni ile ya mwanzo kabisa: kwamba kete zote ziwe zimeshapangwa kabla mtu hajacheza.

Chanzo ni mpwa wangu. Ana miaka 14, amekariri mianzo kutoka kwenye simu, na hatua kumi za kwanza anazipiga huku anatafuna muhogo, macho barabarani. Nikijaribu ujanja ananiambia, "Mjomba, hiyo inajulikana." Inajulikana na nani? Mimi ndiyo kwanza nimeibuni!

Bobby Fischer, Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji, naye alichoshwa na kukariri. Mwaka 1996, huko Buenos Aires, alitangaza sataranji ambayo mstari wa nyuma hupangwa kwa kura. Maaskofu lazima wakae rangi tofauti, mfalme awe kati ya ngome zake. Piga hesabu: maaskofu wana njia 16, malkia anabakiwa na nafasi 6, farasi wawili wana njia 10, halafu mfalme na ngome wanaingia palipobaki. 16 mara 6 mara 10, mipangilio 960. Hesabu tamu, lakini barazani ilitushinda. Kila kura ikimkera mtu, mpangaji anaitwa mwizi.

Basi nikaazima kwenye bao. Bao la Kiswahili lina kete 64, ila kila mchezaji anaanza na 10 tu mashimoni. 22 ziko mkononi, anazinamua, yaani anaziingiza mchezoni, moja moja. Nasi tukafanya hivyo. Ubaoni (ni ubao wa drafti, miraba ni ileile 64) anakaa mfalme na askari wanane. Zile saba ziko mkononi. Zamu yako ikifika, unanamua moja au unasogeza iliyopo.

Siku ya kwanza tulikubaliana mtu aweke popote palipo wazi. Mpwa wangu, mweupe, hatua ya kwanza tu akashusha ngome a8 (herufi ni safu, namba ni mstari, na wa 8 ndio wangu wa nyuma), nyuma ya askari wangu. Cheki, mfalme wangu kashambuliwa. Nikaziba kwa askofu d8. Akashusha ngome ya pili h8, ambayo ni kizibo cha soda kwa kuwa yenyewe ilipotea zamani. Cheki tena. Nikaziba kwa farasi f8. Akamweka malkia c8, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha chai mezani. Nikaduwaa, nikatupa farasi wa pili kona ya mbali. Malkia akala d8, ngome ya a8 ikimlinda, na mfalme wangu hana pa kukanyaga. Hatua nne! Usiku kitandani ndipo nilipoona ningeweza kumnamua malkia wangu a1 nikampiga cheki yeye kwanza.

Kesho yake tukaandika: unanamua kwenye mstari wako wa nyuma tu. Mchezo ukapona. Sasa utamu wote uko kwenye kuchelewesha. Anayemtoa malkia mapema amesema siri yake. Anayembana mkononi anacheza na kete pungufu huku mwenzake anajijenga. Mpwa wangu amekuwa wa kufikiri. Muhogo unapoa.

Baadaye nikasoma kwamba Waburma wana sittuyin, ambamo kila mtu hupanga kete zake mwenyewe mwanzoni. Sikuumia. Hata malkia huyu tunayemwogopa alikuwa waziri wa kusogea mraba mmoja kwa mshazari, mpaka Wazungu walipomwachia mbio mwishoni mwa karne ya 15.

Kijana wa jirani alitaka tuingize "kula ni lazima" ya drafti. Sataranji ya hivyo ipo tayari: anayeishiwa kete ndiye mshindi. Tena mwaka 2016 mwanahisabati Mark Watkins alithibitisha kwa kompyuta kuwa mweupe akifungua kwa e3, yaani askari wa mbele ya mfalme mraba mmoja, anashinda, mpinzani afanye afanyavyo. Nilimweleza, akanuna.

Kasoro imebaki moja, nayo ameileta mzee wa bao asiyejua hata farasi anakwendaje. Alitazama mechi mbili kimya, akauliza, "Sasa wanangu, nyumba iko wapi?" Yaani lile shimo maalumu la bao.

Tukamwambia shikamoo mara ya pili. Tumezungushia mkaa mraba mmoja kila upande, na kete iliyomo hailiwi mpaka itoke yenyewe. Mechi ya kwanza mpwa wangu akamtia malkia humo, akakaa naye hadi magharibi akinipiga kwa mbali. Jumapili tunajaribu nyumba ya askari peke yao.