Mashine ya boti tuliiona, kura hatukuiona

Mmeuliza wiki hii: mbunge wako unampima kwa kitu gani? Mimi ni mvuvi wa Kizingitini, Lamu Mashariki. Nampima kwa kura anazopiga bungeni na kwa mali aliyonayo. Madarasa na mabati nashukuru, lakini hayo hata mtoto anayaona.

Nimechelewa kufika hapo. Miaka ya nyuma mgombea mmoja alitupa mashine ya boti. Tulimpokea gatini kwa vigelegele, tukamchagua, akakaa Nairobi miaka mitano, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: kule ulisema ndiyo kwa lipi, na la kwa lipi?

Na kujua si rahisi. Mambo mengi bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika huuliza wanaosema ndiyo, kisha wanaosema la, akasikiliza kishindo kiko upande gani, basi. Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya maneno ya bungeni, itaandika hoja imepita. Mbunge wako alitamka nini, huoni. Ili kura ihesabiwe na majina yaandikwe, kwa kawaida wabunge 30 wasimame kuidai. Ndiyo maana Juni 2024 hatuisahau. Mswada wa Fedha, ule wa kodi, uliposomwa mara ya pili, tarehe 20, wabunge 204 waliunga mkono, 115 wakapinga, na majina yakatufikia kwenye simu. Barazani baada ya Isha tuliyapitia moja moja. Mzee mmoja, anayepiga kura tangu enzi za Mzee Kenyatta, alisema ndiyo mara yake ya kwanza kujua mbunge wake amesema nini. Maneno yale yaliniuma.

Ama mali, kwingine labda kuuliza kutaonekana ni umbeya. Lamu si umbeya. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 za kaunti yetu, zilizokuwa mikononi mwa makampuni 22. Sisi huku kuna vijiji vilivyorithi ardhi kwa babu na babu bila karatasi! Basi ardhi ya Lamu ikitajwa bungeni, nataka kwanza kujua anayesimama kusema ana kiwanja wapi. Kanuni za Bunge zenyewe zinamtaka ataje maslahi yake kabla ya kuzungumzia jambo linalomgusa. Kila miaka miwili pia hujaza fomu ya mapato, mali na madeni, yake, ya mwenzi wake na ya watoto walio chini ya miaka 18. Fomu hiyo huikuti imebandikwa kwa chifu. Imebaki tumuulize wenyewe, mbele za watu.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na boti za wagombea zitatia nanga hapa. Maswali yangu nimeshayaandika nyuma ya daftari la mwanangu: kura ya tarehe 20 Juni ulipiga ipi, na ekari zako ziko wapi?