Mwalimu yuko ukumbini, mtoto yuko uvunguni

Mara ya mwisho niligusia kidogo tu habari ya kumwanzishia mtoto masomo nyumbani kabla hajafika umri wa shule. Sikujua nimetikisa mzinga. Maswali yamekuja kutoka Tanga mjini, Pangani, Muheza, na mengine kutoka kwa akina baba, jambo ambalo limenifurahisha zaidi. Nimechagua machache, na mengine nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu. Nimeamua mwaka huu nimfundishe mwenyewe. Nimepanga ratiba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita: kusoma, hesabu, kuandika, sayansi, Kiingereza. Siku ya tatu akiona daftari tu analia. Nakosea wapi? (Mama, Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Saa nne nzima kwa mtoto wa miaka minne? Hata mimi niliyekuwa nalipwa mshahara kwa kazi hiyo sikuwahi kupata saa nne za masikio ya mtoto.

Lakini sikucheki, kwa sababu mimi nilikutangulia kukosea. Kifungua mimba wangu alipofika umri huo nilibandika karatasi ya manila ukumbini, nikachora vipindi kwa rangi tatu, na kengele yangu ilikuwa mwiko na sufuria. Siku ya nne nikagonga kengele, mwanafunzi hayupo. Nikatafuta uani, nikatafuta kwa jirani. Nilimkuta uvunguni mwa kitanda, amejifunika kanga yangu, ana nusu andazi mkononi. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu keshaondoka?" Manila ile niliibandua jioni hiyo hiyo.

Fanya hivi. Nyumba yako tayari ina ratiba ambayo mtoto anaijua bila kengele: chai ya asubuhi, kupika, adhana, kuoga, kulala. Ning'iniza masomo hapo. Baada ya chai, dakika 15 za sauti za herufi. Ukiwa unachagua mchele au kunde, hesabu. Usiku kabla ya kulala, hadithi na vitendawili. Basi. Ukijumlisha hupati hata saa moja, na kwa umri wake inatosha. Muda uliobaki acheze, maana kucheza mdako kunamfundisha mkono na hesabu kuliko daftari lolote.

Hesabu yenyewe nikuonyeshe. Mpe kunde tano azihesabu kwa kuzigusa moja moja. Akishamaliza, mwambie afumbe macho, nawe ufunike mbili kwa kikombe cha chai. Akifumbua anaziona tatu. "Zilizojificha ngapi?" Mwanzo atabahatisha. Mwache. Siku ya tatu au ya nne utamwona anatazama vidole vyake, midomo inachezacheza, kisha anasema "mbili!" na kukinyanyua kikombe mwenyewe kuhakikisha. Hapo ameshaanza kujumlisha na kutoa, na hata penseli hajaishika. Akizizoea tano, nenda sita, usirukie kumi.

Na panga kwa wiki, usipange kwa saa. Wiki hii sauti ya *m* na idadi hadi tano. Likimshinda, wiki ijayo ni hilo hilo. Daftari la kwanza liwe lako wewe: kila jioni andika mstari mmoja wa alichofanya kweli, siyo ulichotaka afanye. Baada ya mwezi lisome, utajua pa kwenda.

Nianze na "a, be, che, de" au na silabi? Na jirani yangu anasema nianze na Kiingereza kabisa ili asije akachelewa. (Mama wa watoto wawili, Makorora)

Anza na sauti. "Be, che, de" ni majina ya herufi, na mtoto anayejua majina tu akikutana na *baba* atasoma "be-a-be-a", halafu akutazame kama wewe ndiye mwenye kosa. Mfundishe kwanza irabu tano, a e i o u, mpaka azitambue hata kwenye gunia la sukari. Kisha *m*, *b*, *t*, *k*, *l*, moja moja, na kila ukileta mpya uiunganishe na irabu papo hapo: ma, me, mi, mo, mu. Kwa herufi hizo kumi tu tayari ana *mama*, *baba*, *kaka*, *taa*, *meli*, *bata*, *lala*, *kula*. Lugha yetu ina ukarimu huo: irabu iko vile vile popote uikutapo.

Penye miba ni baadaye. *M* ya *mtu* na *mti* inasimama peke yake bila irabu, basi mpigishe makofi: m-ti, makofi mawili. *Ch*, *sh*, *ny* mwambie ni herufi mbili zinazoshikana mikono. *Ng'* ya *ng'ombe* na *ng* ya *ngoma* ziache mwisho kabisa, hata watu wazima waandikao matangazo barabarani zinawashinda.

Kuhusu jirani: msalimie. Mtoto husoma haraka lugha anayoiota usiku. Akishajua kwamba alama hizi zina sauti, Kiingereza atakibeba juu ya hapo. Nyimbo na salamu za Kiingereza mfundishe ukipenda, hazina madhara.

Mwanangu wa miaka mitano anakwenda chuo cha Kurani kila alasiri, amefika mbali kwenye alifu be te. Sasa nikimfundisha kuandika nyumbani anaanzia kulia kwenda kushoto, na 3 anaigeuza. Nimsimamishe chuo kwanza? (Baba, Ngamiani)

Usimsimamishe, kaka yangu. Kichwa chake kinabeba hati mbili na kinatafuta mlango wa kila moja. Kwenye daftari la Kiswahili chora kijumba kidogo pembeni kushoto kwa kila mstari, umwambie hiyo ni stendi, gari linaondokea hapa. Kwenye kibao cha chuo stendi iko upande wa pili. Nimewaona watoto wengi wa hapa Tanga wakilimaliza jambo hili kwa wiki chache, kisha wakawa wepesi wa kusoma kuliko wenzao, kwa kuwa wameshazoea kukaa na kufuatisha kwa kidole.

Ile 3 iliyogeuka isikutie hofu. Watoto hugeuza 3, 7, *b* na *d* hadi umri wa miaka saba hivi. Aiandike kubwa kwenye sinia la mchanga kwa kidole, umshike mkono mara mbili tatu, halafu muachie.

Na kwa kuwa mnakaa Ngamiani, mna bahati ambayo mitaa mingine haina: barabara zenu zina namba. Mnapokwenda sokoni mwache yeye atangaze mmefika barabara ya ngapi. Mkirudi, ahesabu kinyumenyume. Sikumbuki kuona chati ya namba nzuri kuliko hiyo.

Mjukuu wangu anashika penseli kwa mkono wa shoto. Mkwe wangu anasema nimwache, mimi moyo unakataa. (Bibi, Pangani)

Shoga yangu, tugawane. Kula na kupokea vitu kwa watu, mfundishe mkono wa kulia, hayo ni adabu yetu na atayaweza. Kuandika, mwache na shoto lake. Nilipoanza kazi tuliwachapa vidole watoto kama huyo. Nakumbuka mmoja aliyekuwa akiandika vizuri kabisa akaishia kuandika kama kuku anayeparua, na bado akinawa alitanguliza shoto.

Karatasi iinamishwe kidogo, pembe ya juu ielekee kulia kwake, ashike penseli juu juu kidogo ili aone anachoandika. Penseli iwe fupi, vidole vidogo huishika vizuri. Akikaa na nduguye mezani, yeye akae upande wa kushoto wasigongane viwiko.

Mimi ni mvuvi, wakati mwingine naenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wiki mbili. Mke wangu ndiye anafundisha. Nikirudi naona kama sina changu katika elimu ya mtoto, na mimi mwenyewe niliishia darasa la tano. Nifundishe nini? (Baba wa binti wa miaka mitano, Tongoni)

Swali hili nimelisoma mara tatu.

Kaka, wewe una somo ambalo mimi na cheti changu sina. Unajua leo maji yatajaa saa ngapi na kesho saa ngapi. Binti yako hajui kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, wala kwamba kila siku yanachelewa, dakika hamsini hivi, kuliko jana. Mpe kalenda ya ukutani na penseli. Kila usiku akitazama mwezi auchore kwenye kisanduku cha siku hiyo: kipande, nusu, mzima. Ukiwa nyumbani mpeleke ufukweni, apachike kijiti maji yalipofika. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu atakiona kijiti kimemezwa, umwambie jina lake: bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji yanafika hapa tu: maji mafu. Ukiwa dago mpigie simu, yeye ndiye akuambie mwezi wa jana ulikuwaje. Atahesabu siku za kurudi kwako bila kuambiwa ahesabu.

Halafu samaki. Mletee changu, tasi na kibua kwenye sinia moja, awapange kwa ukubwa, kwa rangi, kwa umbo la mkia. Kupanga vitu kwa makundi ndiyo sayansi ya umri wake. Na usiku msimulie habari ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu enzi za mijusi wakubwa, mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na miaka ya 2000 wavuvi wa pwani yetu hii wakawa wanamkuta kwenye nyavu zao. Ndiyo sababu tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga. Mwambie wavuvi kama wewe walimwona. Uone macho yake.

Darasa la tano linatosha kwa hayo yote.

Simu? Katuni za kufundisha herufi zinafaa? (Mama, Duga)

Zinafaa ukikaa naye na kuimba naye, dakika kumi au kumi na tano. Zikigeuka yaya ili wewe ufue, sema tu ni yaya, usiite somo. Sote tumefua.

Nataka kumtembeza mahali pa kujifunza, sina fedha. (Mlezi, Muheza)

Hapo Muheza, mpeleke kwenye genge la machungwa wakati wa msimu. Ahesabu mafungu, aulize bei, atoe hela mwenyewe. Kama kuna shamba la mkonge karibu, omba jani moja, mlipare kwa kisu butu mpaka nyuzi zitoke, msokote kamba fupi ya kufungia mdoli. Mkisokota, msimulie: mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kilimo cha mkonge hapa kwetu kilianza na hiyo iliyobaki. Mtoto wa miaka mitano hataielewa elfu, lakini "mingi ilikufa, michache ikazaa" anaielewa sana.

Naweza kuendelea kumfundisha nyumbani moja kwa moja, nisimpeleke shule? (Wengi wameuliza)

Hapa sitazunguka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na sera ya elimu inataka apate angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla yake. Kwa hiyo unayoyafanya sasa akiwa na miaka mitatu, minne, ni maandalizi, na baada ya kuandikishwa yatakuwa msaada wa jioni. Ukiwa na sababu ya pekee, mathalani maradhi au ulemavu, nenda kwa Afisa Elimu Kata ukaongee naye uso kwa uso, usitegemee maneno ya kibarazani.

Shule za serikali hazitozi ada, na mwaka wa masomo huanza Januari. Uandikishaji hufunguliwa miezi kadhaa kabla, na mwalimu atakuuliza cheti cha kuzaliwa. Kama bado hujakichukua, anza na hicho wiki hii, kunde zitasubiri.