Shemeji anataka watoto wote waruke majini kwa kamba ya Chemka

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi wa 12 tunakwenda Moshi siku tatu na familia ya rafiki wa mume wangu. Watu wazima wanne, watoto watano, mdogo ana miaka sita. Huyo shemeji anataka siku ya kwanza mlima Kilimanjaro, ya pili kwenye chemchemi ya Chemka, kila mtoto aruke majini kwa kamba. Mwanangu wa miaka tisa keshatangaza shuleni anakwenda kileleni. Nikisema tupunguze, naambiwa mwoga. Nifanyeje?
Mama wa Watatu, Njiro

JIBU: Marahaba mwanangu. La kilele halina mjadala: chini ya miaka 10 hifadhi haimruhusu mtoto kufika Uhuru, na mita 5,895 hazipandwi kwa siku moja. Mwambie anakwenda kwenye vibanda vya kulala wapandaji vya Mandara, mita 2,720. Kutoka Marangu geti ni kama kilomita 8 za msitu, mbega wanarukaruka juu ya vichwa. Robo saa mbele ya vibanda kuna kreta ya Maundi. Mawingu yakifunguka ataona vilele vya Kibo na Mawenzi. Hilo linatosha kusimulia shuleni.

Wa miaka sita asipande. Mzazi mmoja abaki naye Marangu, wakaone maporomoko ya Kinukamori. Nani abaki? Amueni mkiwa Arusha, si getini mwongozaji akiwasubiri.

Mimi nilikosea. Binti yangu alikuwa darasa la tano, na kwa vile Moshi jua lilikuwa linaunguza, nikamwacha apande na jinzi na raba mpya. Msituni mvua ikatunyeshea, jinzi ikalowa ikawa nzito kama blanketi. Kupanda alivumilia. Kushuka ndiko kulikomtesa: kila hatua kidole gumba kinagonga ncha ya raba, mtoto anang'ata ukosi wa shati asilie mbele ya wenzake. Kipande cha mwisho nilimbeba mgongoni kwa kanga, lijitu zima lile. Baada ya wiki mbili kucha ikang'oka. Kwa hiyo usiku wa kuamkia Mandara wakate kucha fupi, wavae raba walizozizoea, na kila mmoja awe na sweta na koti la mvua.

Ratiba ya shemeji igeuzeni. Siku ya kwanza fikeni, mpumzike. Ya pili Mandara. Chemka iwe ya tatu, mkiwa njiani kurudi, kwa sababu mnakatia Boma Ng'ombe, barabara hiyo hiyo ya Arusha. Miguu iliyochoka itayafurahia maji yale, ingawa wanaoyaita maji moto wanatia chumvi. Ni vuguvugu tu.

Kamba nayo isiwe ya kila mtoto. Maji ni maangavu, unaona mizizi chini ukadhani ni karibu, kumbe kina kirefu. Aruke anayejua kuogelea na anayetaka mwenyewe. Wengine tyubu, na shemeji naye kama hajui.

Vyumba wekeni mapema. Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani, na mimi nimo.

Halafu mpigie mke wa shemeji kabla ya kikao cha wanaume. Muulize wanawe wangapi wanajua kuogelea. Nadhani hutabaki mwoga peke yako.