Kiasi ni kiasi gani? Mayai ya ziada kwa sisi wenye usonji

Mkuu mleta mada, nimekuelewa, unauliza mayai yanayozidi uyale vipi: kuku wako 12 wanataga kila siku, trei ya tatu imejaa, una usonji (autism), na chakula kigeni kikikukaa vibaya mdomoni siku yote imeharibika. Nami nina usonji, nilipimwa nikiwa mtu mzima, na nilifuga kuku wa mayai Morogoro mpaka bei ya pumba iliponichosha.

Acha kujilazimisha kula yai linaloonekana. Mimi kilichonishinda tangu utoto ni ule ute, na kile kiuzi cheupe kinachoshikilia kiini. Hata chipsi mayai, nikikutana na kipande kinachoteleza, sahani naisukuma. Siku hizi navunja mayai, nayakoroga, nayapitisha kwenye chujio la chai. Kiuzi kinabaki pale juu. Nyumbani wananicheka, lakini nakula.

Halafu nikatafuta chakula ambacho yai limejificha, nikaangukia mkate wa mayai wa pwani (siyo zile slesi za mkate za kuchovya kwenye yai). Shida ikawa maelekezo. Shangazi yangu yuko Tanga, nikampigia. "Unatia sukari kiasi, unga kiasi, iliki kidogo, unapiga mpaka yaumuke." Kiasi gani, shangazi? "Kiasi tu mwanangu, utaona mwenyewe."

Sikuona kitu. Mkate wa kwanza ulitoka kama ndala.

Nikapanda basi na mizani ya jikoni kwenye begi. Kila akichota, namzuia, amwage kwanza kwenye bakuli lililo juu ya mizani. "We mtoto una kazi!" Lakini ilipatikana: mayai 6, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 200, iliki 5 zilizotwangwa. Hamna hamira, hamna beking pauda, hamna mafuta. Kinachoumua ni hewa unayoipiga ndani ya mayai na sukari, na mimi ule wa kwanza nilipiga dakika tatu nikachoka. Kwa mashine ni kama dakika 10, mpaka yawe meupe-meupe na mazito. Ukinyanyua kipigio cha mashine, tone linaloanguka likae juu kidogo kabla halijazama. Mashine ina kelele, navaa hedifoni. Unga unauingiza kwa mwiko, taratibu, ukipindua kutoka chini kuja juu. Ukiukoroga kwa nguvu hewa yote inatoka, unarudi kwenye ndala.

Mkate huo niliula kila Jumamosi kwa miezi miwili bila kubadilisha chochote, na usione aibu kufanya hivyo. Ndipo nikagusa kitu kimoja tu: nikatoa iliki, nikakunia ganda la limao. Baadaye yai moja kwenye unga wa chapati. Kimoja kwa wakati, ili kikikushinda ujue ni kipi. Mchuzi wa mayai wa nazi bado sijauweza. Mke wangu anapika, mimi nakula mchuzi, mayai namwachia yeye.

Umesema pia unasahau jiko. Niliwahi kuchemsha mayai maji yakakauka, yakaanza kupasuka moja moja huku mimi niko bandani nahesabu kuku. Alamu ya simu naizima bila hata kujua. Kilichonisaidia ni mwiko: nikitoka jikoni moto ukiwaka, natoka nao mkononi. Ukijikuta uani umeshika mwiko, unakumbuka.

Mayai usiyaoshe kabla ya kuyaweka, ganda lina utando wake unaolinda. Andika tarehe kwa penseli. Yai ukilitilia shaka, liweke kwenye bakuli la maji: likielea, tupa.

Na trei inayozidi mpelekee muuza chipsi wa jirani. Wangu alikuwa akinilipa nusu pesa, nusu chipsi kavu.