Ukijani Kwenye Sarafu: Usiisugue Shilingi, Tupa Kurasa

SWALI: Hujambo mzee. Babu alituachia mkebe wa sarafu: shilingi za simba za Mfalme George wa Tano, senti za tundu, na chache za Kenyatta za 1966. Mwaka jana nilinunua albamu huko tauni, ile ya kurasa za plastiki zenye mifuko, nikazipanga vizuri. Sasa shilingi kadhaa zimeota ukijani unaonata. Aliyeniuzia anasema ni kutu ya uzee, nizisugue kwa Brasso kisha nizirudishe. Je, ninunue albamu gani? Au kapsuli, vile vikasha vya plastiki vya sarafu moja moja, ndizo bora? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Usizisugue, mwanangu. Na huyo aliyekuuzia usimrudie.

Shilingi iliyokaa mkebeni tangu enzi za mkoloni bila kuota kitu, halafu ikaota ukijani ndani ya mwaka mmoja wa albamu, haina ugonjwa wa uzee. Albamu ndiyo iliyoiharibu. Kisa hiki naletewa kila mara, na kila mara sarafu ndiyo inayobebeshwa lawama, kisha inaadhibiwa kwa kusuguliwa, kisha inarudishwa mle mle ilimoharibikia.

Kurasa zako ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Kwa asili PVC ni ngumu. Ili ikunjike, kiwandani huchanganywa na kemikali za kuilainisha, na hizo hazitulii humo. Hutoka polepole, na joto likizidi hutoka haraka zaidi. Plastiki yenyewe inapochakaa hutoa asidi ya hidrokloriki. Shaba haiwezani na asidi hiyo. Wala usijifariji kwamba shilingi zako ni za fedha: zile za 1921 hadi 1946 ni robo tu fedha, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe.

Kwanza hakikisha tunazungumzia kitu kimoja. Chukua kijiti cha meno uguse ukijani huo pale unapopenda kujificha, kwenye mikunjo ya ndevu za mfalme na kuzunguka herufi. Ukivutika na kunata, ni PVC. Ukipukutika unga mkavu wa kijani kilichopauka, hizo ni chumvi za shaba, ni tatizo jingine kabisa. Itenge sarafu hiyo na wenzake, umtafute mtu anayejua kutunza vyuma vya kale kabla ya kuipaka chochote.

Wa kunata huondolewa kwa asetoni safi. Narudia, safi, ile ya duka la kemikali. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina manukato, mafuta na maji, nayo itakuachia uchafu mwingine juu ya ule wa kwanza. Mimina kwenye bilauri, si bakuli la plastiki, laza sarafu humo kwa dakika kadhaa, igeuze, ibadilishie asetoni mpya, kisha iache ikauke yenyewe bila kufutwa. Madirisha yawe wazi, na jiko liwe mbali kabisa, kwa sababu mvuke wa asetoni unashika moto upesi sana. Utando utatoka. Alama iliyokwisha kuchimba chuma haitatoka, na anayekuahidi kuitoa anataka pesa zako.

Sasa hiyo albamu. Watu huniuliza jina la kampuni, nami nauliza: ni plastiki gani? Unazotafuta ni polipropilini, polithini au PET, ambayo wengi huiita Mylar. PET ni kavu mkononi na hulia kachakacha ukiikunja. PVC ni laini, inang'aa, ni nzito kidogo, na ina ile harufu ya pazia jipya la bafuni. Huo ulaini na mng'ao ndio unaowavutia wanunuzi, na ndio ninaowaonya kila siku. Kifurushi kisipotaja aina ya plastiki, na muuzaji akijibu tu kwamba "hii ni original", kiache dukani.

Kuna wanaofundisha kutupa kipande cha ukurasa majini, kwamba kikizama ni PVC na kikielea ni salama. Hiyo ni nusu ya ukweli. Polipropilini huelea, sawa, lakini PET nayo huzama, na haina ubaya wowote. Kipimo chenye maana ni waya wa shaba uliovuliwa ganda: ushike kwa koleo, upashe moto hadi uwe mwekundu, uguse kwenye plastiki, uurudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini, nayo ni dalili ya PVC. Fanyia nje, na usivute huo moshi.

Kwa mkusanyiko kama wako ningechukua kadi za mraba za inchi mbili zenye dirisha la PET, halafu kadi hizo niziingize kwenye kurasa za polipropilini. Kadi hukunjwa juu ya sarafu na kufungwa kwa pini za stepla; pini hizo zibane kwa koleo zilale kabisa, la sivyo zitakwaruza sarafu ya ukurasa unaofuata. Siku ya kuitoa sarafu, ng'oa pini kwanza zote; sarafu nyingi hupata mkwaruzo wake wa kwanza pale mtu anapoichomoa kwa haraka.

Kapsuli za akriliki ni nzuri, ila zigawie zile chache bora tu. Shilingi ya simba ina upana wa karibu milimita 28. Kapsuli ikiwa kubwa sarafu itacheza ndani na kujisugua ukingo. Na usinunue kapsuli ya bei kwa senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane kwa sababu mtu amekuambia mfalme huyo hakumaliza mwaka, basi sarafu yake ni adimu. Ni kweli hakumaliza mwaka, lakini senti zake zimejaa tele. Kadi inaitosha.

Usizifunge kwa mpira wala kuzizungushia gazeti, kwani salfa iliyomo huzitia weusi. Baridi ya Julai ikija na unyevu wake, weka vipakiti vya silika ndani ya kasha, na kasha lisikae kwenye kabati jipya la MDF linalonuka gundi. Kusema kweli, mkebe wa babu ulizifaa sarafu zako zaidi kuliko albamu.

Turudi kwenye Brasso, maana hapo ndipo ninapokosa subira. Brasso inakwangua. Inapita juu ya manyoya ya shingo ya simba na kula ncha zake, na ukimaliza una kitu kinachong'aa kama kifungo cha askari wa gwaride, ambacho mnunuzi yeyote anayejua kazi ataweka chini baada ya kukitupia jicho. Ndimu, majivu, dawa ya meno na soda ya kuokea ni ndugu zake. Nimeona senti za shaba zilizokuwa na rangi ya kahawia ya kupendeza zikigeuka waridi mbichi mikononi mwa mtu aliyetaka "kuzipandisha bei". Rangi ile hairudi, na bei huporomoka nayo.

Siku hizi balaa limehamia kwenye noti. Mtu anaokota shilingi mia ya zamani kwenye Biblia ya nyanya yake, anakimbilia saiba, anailaminisha. Gundi ya moto imeshaingia kwenye nyuzi za karatasi, na hakuna mkusanyaji makini atakayeihesabu kuwa nzima. Kama umeshafanya hivyo, iache ilivyo. Usijaribu kuibandua kwa pasi.